Umbali na Muda wa Safari ya Ndege Kati ya Viwanja Viwili: Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Mwenyewe

Mwezi Februari 2020, dhoruba ikiwa inapita juu ya Atlantiki ya Kaskazini, ndege ya British Airways ilipaa kutoka New York na kutua London baada ya saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida safari hiyo huchukua zaidi ya saa sita angani. Viwanja vilikuwa vilevile, na umbali kati yao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni hewa.

Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya kugusa kikokotoo. Umbali hupimwa juu ya ardhi, lakini ndege husafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Mtu anayechukua kilomita akazigawa kwa kasi ya ndege hupata jibu linalofanana na ukweli, kisha hushangaa tiketi yake inaposema kingine. Hapa tutajenga jibu kipande kwa kipande: umbali kwanza, kisha njia, kasi, upepo, dakika za ardhini, na mwisho saa zilizoandikwa kwenye tiketi, ambako nimeona watu wengi wakikosea kuliko kwingine kote.

Unachohitaji ni kalamu, karatasi, na kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Simu nyingi zinacho. Ukiilaza simu upande vitufe hivyo hujitokeza.

Hatua ya 1: Hakikisha ni viwanja gani hasa

Usianze na jina la mji. Anza na msimbo wa herufi tatu ulio kwenye tiketi. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW), Stansted (STN), Luton (LTN) na City (LCY). Tokyo ina Haneda (HND) na Narita (NRT), viwanja vilivyoachana kwa takriban kilomita 60. Pia kuna miji inayofanana majina: SJC ni San José ya California, SJO ni San José ya Costa Rica. SYD ni Sydney ya Australia, YQY ni Sydney ya Kanada. Kosa la hapa halirekebishwi na hesabu yoyote itakayofuata.

Marubani na waongozaji wa ndege hutumia msimbo mwingine wa herufi nne: Heathrow ni EGLL, JFK ya New York ni KJFK. Ukikutana nao kwenye ramani za safari, usidhani ni kiwanja kingine.

Hatua ya 2: Pata latitudo na longitudo

Kila kiwanja kina nukta yake rasmi kwenye uso wa dunia. Utaipata kwenye Wikipedia, au ukibonyeza kiwanja kwenye ramani ya intaneti. Andika namba kwa desimali. Ukiikuta imeandikwa kwa nyuzi na dakika, gawa dakika kwa 60: nyuzi 40 na dakika 38 ni 40.63, si 40.38. Kisha weka alama. Kaskazini na mashariki ni chanya. Kusini na magharibi ni hasi.

Alama hiyo isidharauliwe. Chukua Singapore (1.36, 103.99) na Sydney (−33.95, 151.18). Ukikokotoa sawasawa unapata kama kilomita 6,295. Ukisahau alama ya hasi ya Sydney unapata kama 6,090. Jibu hilo la pili halionekani la ajabu hata kidogo, na ndiyo hatari yake: umeuhamisha mji wa kusini ukauweka kaskazini ya Ikweta, na hakuna kinachokuonya.

Hatua ya 3: Kokotoa umbali mfupi kuliko wote

Njia fupi kati ya nukta mbili juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo ukilikata huigawa dunia nusu kwa nusu. Ikweta ni mojawapo. Kama una mpira na uzi, bana uzi kwenye nukta mbili na uukaze: pale ulipolala ndipo duara kuu linapopita.

Weka kikokotoo kwenye nyuzi, si radiani, kipimo kingine cha pembe (kitufe cha nyuzi huandikwa DEG). Kanuni ni hii, A ikiwa latitudo ya kiwanja cha kwanza, B ya kiwanja cha pili, na T tofauti ya longitudo zao:

cos D = (sin A × sin B) + (cos A × cos B × cos T)

D ni pembe kati ya viwanja hivyo ukiwa umesimama katikati ya dunia. Uzuri ni kwamba ukishaipata kwa nyuzi, unaizidisha kwa 111.2 tu na kupata kilomita, kwa sababu kila nyuzi moja ya duara kuu ina urefu huo.

Tujaribu Heathrow (51.47, −0.45) na JFK (40.64, −73.78). Tofauti ya longitudo ni 73.33, kwani zote ziko magharibi. Kama kimoja kingekuwa mashariki na kingine magharibi, tungejumlisha. Jumla ikizidi 180, toa kutoka 360.

sin 51.47 × sin 40.64 = 0.7823 × 0.6513 = 0.5095
cos 51.47 × cos 40.64 × cos 73.33 = 0.6229 × 0.7588 × 0.2869 = 0.1356
Jumla ni 0.6451.

Bonyeza kitufe cha kinyume cha cos (cos⁻¹). Unapata nyuzi 49.83. Zidisha kwa 111.2: takriban kilomita 5,540.

Vyombo vya intaneti kama Great Circle Mapper vitakupa karibu 5,555. Hukukosea. Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha, na kipenyo chake cha Ikweta kinazidi cha ncha kwa ncha kwa takriban kilomita 43. Vyombo hivyo huhesabu umbo hilo, kanuni yetu hulipuuza, na tofauti kwa kawaida haifiki nusu ya asilimia. Kwa kupanga safari hiyo si kitu. Kwa viwanja vilivyo jirani sana usikate desimali mapema, maana kanuni hii huyumba pembe inapokuwa ndogo.

Ukitaka maili za baharini, ambazo ndizo za marubani, zidisha nyuzi kwa 60: 49.83 × 60 ni 2,990. Maili ya baharini ilizaliwa hivyo hasa, ikiwa dakika moja ya pembe juu ya uso wa dunia, kisha mwaka 1929 ikawekwa kuwa mita 1,852 kamili.

Kwa nini ramani ya ukutani inakudanganya

Watu wengi huiona njia ya ndege kwenye kioo cha mbele ya kiti chao na kudhani rubani anazunguka. Tazama Madrid na New York. Viwanja vyote viwili viko karibu na latitudo 40.5 kaskazini, kwa hiyo kwenye ramani bapa mtu angechora mstari wa moja kwa moja kuelekea magharibi. Ukifuata mstari huo ni takriban kilomita 5,930. Duara kuu ni kama 5,760, na katikati yake linapanda hadi karibu latitudo 46. Ule upinde unaoonekana mrefu umekuokolea kilomita 170. Ramani imenyoosha dunia ili ilale kwenye karatasi, na jinsi unavyosogea kuelekea ncha ndivyo inavyonyoosha zaidi. Usipime umbali wa safari ndefu kwa rula juu ya ramani ya namna hiyo.

Hatua ya 4: Kutoka umbali mfupi hadi njia halisi

Ndege haifuati duara kuu kwa usahihi. Hupaa ikielekea upande upepo unakotoka, kisha hugeuka; hufuata njia za angani; huzungushwa kabla ya kutua ili zipangwe foleni. Kwa safari ya kawaida mimi huongeza asilimia 3 hadi 5 juu ya umbali wa duara kuu. Kwa safari fupi sana huongeza zaidi, kwa sababu mizunguko ya kupaa na kutua haipungui eti kwa kuwa safari ni fupi.

Halafu kuna mambo yanayovunja kanuni hii kabisa. Anga iliyofungwa ndiyo kubwa. Kabla ya Februari 2022 ndege ya Finnair kutoka Helsinki hadi Tokyo ilipita juu ya Urusi na kuchukua takriban saa tisa na nusu. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari hiyohiyo ikafika takriban saa 13, nyingine zikipita juu ya Ncha ya Kaskazini. Umbali wa duara kuu haukuongezeka hata mita moja. Sababu nyingine ni milima: nyanda za juu za Tibet hukwepwa na ndege nyingi, kwa kuwa hewa ya ndani ikipotea ghafla ndege lazima ishuke haraka hadi penye hewa ya kupumulika, na huko ardhi yenyewe iko juu mno. Na juu ya bahari kubwa, ndege ya injini mbili haina budi kubaki ndani ya muda uliowekwa kutoka kiwanja inachoweza kukikimbilia kwa injini moja, jambo ambalo mara nyingine huipinda njia.

Kwa hiyo kama safari yako inapita karibu na eneo la vita au anga iliyofungwa, usitegemee asilimia zangu. Fungua Flightradar24 au FlightAware, tovuti za kufuatilia ndege, tafuta namba ya safari, uone njia iliyofuatwa siku chache zilizopita.

Hatua ya 5: Chagua kasi inayolingana na ndege

Si kila ndege huenda kilomita 900 kwa saa. Kwenye urefu wa safari, ambako joto ni kama nyuzi −56 za Selsiasi, kasi ya sauti ni karibu kilomita 1,060 kwa saa. Boeing 787 na Airbus A350 huenda kwa takriban 0.85 ya kasi hiyo, yaani kama kilomita 900. Boeing 737 na Airbus A320 huenda kwa takriban 0.78, kama kilomita 830. ATR 72 yenye mapangaboi ni kama 500. Aina ya ndege huandikwa kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, mara nyingi kwa maandishi madogo.

Kasi hizo ni za katikati ya safari tu. Wakati wa kupanda na kushuka ndege ni nzito kwa mwendo, na huanza kushuka ikiwa bado na takriban kilomita 200 kabla ya kufika. Ndiyo maana kwenye safari ya kilomita 500 ndege ya jeti haipati nafasi ya kukimbia, na tofauti yake na ATR ni kama robo saa hadi dakika 25 hivi. Kufidia hilo, ongeza dakika 20 kwenye muda wa angani baada ya kugawa umbali kwa kasi.

Hatua ya 6: Upepo

Wanamaji wana maneno mazuri kwa jambo hili: upepo wa mbisho ni ule unaokuja kutoka mbele, omo, na upepo wa tezi ni ule unaosukuma kutoka nyuma. Ndege haina tanga, lakini sheria haikubadilika. Kasi yako juu ya ardhi ni kasi ya ndege ndani ya hewa, ukitoa upepo wa mbisho au ukijumlisha upepo wa tezi.

Kwenye urefu wa kilomita 9 hadi 12, katika latitudo za kati za kaskazini na kusini, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mjapani Wasaburo Oishi aliipima kwa maputo katika miaka ya 1920 na kuchapisha matokeo yake kwa Kiesperanto mwaka 1926, lugha ambayo wanasayansi wachache waliisoma. Mikondo hii hupita kilomita 150 kwa saa bila taabu, na hukaza zaidi wakati wa baridi. Karibu na Ikweta upepo wa juu kwa kawaida ni dhaifu, na mara nyingi hutoka mashariki.

Kanuni yangu ya mkono: safari ya mashariki–magharibi katika latitudo za kati, weka upepo wa wastani wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Safari ya kaskazini–kusini, au inayokaa karibu na Ikweta, weka sifuri.

Turudi London na New York. Kilomita 5,555 ukiongeza asilimia 3 ni kama 5,720. Ndege inakwenda 890, upepo ni 90.

Kwenda New York, upepo ni wa mbisho: 5,720 ÷ 800 ni saa 7.15, yaani saa 7 na dakika 9. Ongeza dakika 20 za kupanda na kushuka: karibu saa 7 na nusu angani.

Kurudi London, upepo ni wa tezi: 5,720 ÷ 980 ni saa 5.84, yaani saa 5 na dakika 50. Ongeza 20: saa 6 na dakika 10.

Hewa ileile imeweka pengo la saa moja na dakika 20. Na usidhani kwenda na kurudi vinafutana. Ndege ya kilomita 900 kwa saa kwenye umbali wa kilomita 4,500 bila upepo hutumia saa 10 kwenda na kurudi. Ukiweka upepo wa 100, kwenda ni saa 5.63 na kurudi ni saa 4.5, jumla saa 10.13. Unakaa ndani ya mbisho muda mrefu kuliko unavyokaa ndani ya upepo unaokusaidia, basi hasara daima huzidi faida.

Hatua ya 7: Kutoka geti hadi geti

Muda ulio kwenye tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Huanza ndege inaposukumwa kutoka geti na kuisha inaposimama kwenye geti la mwisho. Weka dakika 15 hadi 20 za kutambaa kwenda kwenye njia ya kurukia, na 5 hadi 10 baada ya kutua. Viwanja vikubwa vyenye msongamano huzidi hapo.

Kwa mfano wetu, nusu saa ya ardhini hutufikisha saa 8 kwenda na saa 6 na dakika 40 kurudi. Ratiba za mashirika huwa karibu na saa 8 na saa 7. Zile dakika za ziada huwekwa makusudi: ndege huhesabiwa imefika kwa wakati ikiwa haikuchelewa zaidi ya dakika 15, kwa hiyo shirika hujiachia nafasi. Ndiyo sababu ndege hutoka geti imechelewa dakika 20 na bado ikafika kama ilivyoandikwa.

Hatua ya 8: Soma saa za tiketi

Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika: ya kuondoka ni ya pale unapoondokea, ya kufika ni ya pale unapofikia. Kupata muda wa kweli, geuza zote mbili ziwe saa ya dunia (UTC), kisha toa.

Ndege inaondoka Tokyo Jumatatu 17:00, inafika Los Angeles Jumatatu hiyohiyo 10:00. Tokyo iko mbele ya UTC kwa saa 9: 17 toa 9 ni 08:00. Los Angeles wakati wa baridi iko nyuma kwa saa 8: 10 jumlisha 8 ni 18:00. Safari ni saa 10. Kalenda inasema umefika kabla ya kuondoka kwa sababu umevuka mstari wa tarehe.

Angalia pia nusu na robo: India iko mbele kwa saa 5 na nusu, Nepal kwa saa 5 na dakika 45. Na kuna nchi zinazosogeza saa kwa msimu. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Katikati ya hapo tofauti ya London na New York huwa saa 4 badala ya 5.

Sasa jambo linalotuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi hutumia saa kuanzia 00:00 hadi 23:59. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. 19:00 ni saa moja usiku. Wengi wanalijua hilo. Kinachowaangusha ni saa za baada ya 00:00. Kwetu usiku ni wa siku inayokuja, tunasema usiku wa kuamkia Jumanne, lakini tukisikia "usiku wa tarehe 15" wengi wetu tunawaza usiku unaoanza jua la tarehe 15 likishazama. Tiketi iliyoandikwa 00:40, tarehe 15, ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwe kiwanjani jioni ya tarehe 14.

Nililijifunza hili kwa uchungu. Mama mdogo alifika 00:40 ya tarehe fulani, nami nikajipanga kumpokea usiku uliofuata. Asubuhi alinipigia kwa simu ya kuazima, amelala kwenye viti vya kiwanja, mzigo umekuwa mto. Tangu hapo, tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:59 naiandika upya kwa maneno: naondoka nyumbani jioni ya tarehe ngapi, siku gani.

Hatua ya 9: Safari yenye kuunganisha ndege

Jumlisha muda wa kila ndege na muda wa kusubiri. Tena, badilisha kila kitu kuwa UTC, na utatoa tu saa ya kwanza kutoka ya mwisho.

Swali kubwa zaidi ni kama nafasi ya kuunganisha inatosha. Ikiwa tiketi ni moja, shirika limeshaangalia muda wa chini unaokubalika kwenye kiwanja hicho, na ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, wao ndio wa kukupangia nyingine. Ikiwa umenunua tiketi mbili tofauti, hakuna anayekuwajibikia. Huenda ukalazimika kuingia nchini (na viza yake), kuchukua mizigo, kuisajili upya, na kupita ukaguzi tena, huku kaunta za safari za kimataifa zikifungwa mara nyingi saa moja kabla ya kuondoka. Kwa tiketi mbili mimi sishuki chini ya saa nne, na kama ndege ya pili ni ya mwisho kwa siku hiyo, nalala hapo. Viwanja vikiwa tofauti, mathalani unatua Narita na kuondokea Haneda, ongeza pia safari ya barabara au treni na foleni zake.

Kwa anayekwenda kupokea mgeni

Siku yenyewe acha hesabu zako na ufuate namba ya safari kwenye Flightradar24 au kwenye tovuti ya kiwanja. Muda uliokadiriwa hapo tayari umebeba upepo wa siku hiyo. Lakini neno "imetua" ni la magurudumu kugusa ardhi. Bado kuna kutambaa hadi geti, kushuka, foleni ya pasipoti na mkanda wa mizigo. Kwa safari ya kimataifa weka nusu saa hadi saa moja na nusu kabla ya kumwona mlangoni, na kama ndege tatu kubwa zimetua pamoja, shika ule muda mrefu.